Babu alisema alipiga "kura tatu" hapa Tanga mwaka 1958, lile jimbo lilikuwaje?

BintiMakorora:

Wakubwa wote shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Naombeni msaada wa historia ya hapa hapa kwetu Tanga.

Babu yangu mzaa baba alikuwa karani bandarini, amefariki mimi niko darasa la tano, na kila akikaa barazani jioni na wenzie kule Ngamiani lazima alitaje hili, "sisi ndo tuliopiga kura tatu". Mimi miaka yote nikajua anamaanisha alipiga mara tatu, yaani chaguzi tatu tofauti tofauti mpaka uhuru ukaja. Sasa juzi nimekaa na bibi (yupo hai alhamdulillah, macho tu ndo yamechoka) nikamuuliza hizo kura zilikuwa za miaka gani na gani, akanijibu "siku moja mwanangu, zote tatu siku moja, na moja alimpigia Mzungu". Nikashtuka kwakweli. Babu yangu mimi, mtu wa TANU wa damu, picha ya Mwalimu imetundikwa sebuleni tangu sijazaliwa, leo naambiwa alimpigia kura Mzungu?

Afu bibi mwenyewe hakupiga. Alimsindikiza babu akakaa nje kumsubiri. Nikamuuliza kwa nini na wewe hukupiga, akasema "sikuwa na sifa". Sifa gani hizo jamani, bibi yangu ni mtu mzima ana akili zake na ana mume na watoto.

Na la mwisho ni jimbo lenyewe. Leo tunasema Tanga Mjini, jimbo moja mbunge mmoja, kuanzia Chumbageni na Raskazone huko mpaka Pongwe. Bibi anasema wakati ule kura zao zilihesabiwa pamoja na za Lushoto na Handeni. Mimi haijaniingia, Lushoto si ina jimbo lake na Handeni lake? Nataka niyaandike haya vizuri kwenye daftari bibi akiwa bado ananisimulia, wajukuu wengine wote wako Dar hakuna mwenye habari. Mwenye kujua anisaidie.

BarabaraYaNane:

Marahaba binti. Bibi yako kumbukumbu yake iko sawasawa, andika kila anachokwambia. Na babu yako hakuisaliti TANU hata kidogo, alikuwa anatekeleza agizo la TANU. Ngoja nikueleze taratibu.

Kwanza neno jimbo, maana hapo ndipo vijana wengi mnapopotea na si kosa lenu. Wakati wa Mwingereza jimbo lilikuwa ndo hiki leo tunakiita mkoa. Palikuwa na Jimbo la Tanga, Jimbo la Kaskazini, Jimbo la Mashariki, Jimbo la Magharibi, Jimbo la Ziwa na kadhalika, na kila jimbo lina PC wake, yaani mkuu wa jimbo, huyo PC alikuwa mtu mkubwa akipita barabarani watu wanasimama. Baada ya uhuru, mwaka 1962, ma-PC wakaondolewa wakaja wakuu wa mikoa, na majimbo yakaitwa mikoa. Neno jimbo likabaki halina kazi upande wa utawala, likabaki kwenye uchaguzi peke yake. Sasa ukimsikia mzee anakwambia "jimbo la Tanga" mwaka 1958 ujue anasema mkoa mzima, zikiwemo Tanga yenyewe, Pangani, Korogwe, Lushoto na Handeni. Muheza wakati huo iko ndani ya wilaya ya Tanga, Kilindi bado ni Handeni, Mkinga haijazaliwa.

Na uchaguzi ule wa kwanza, wa kuingiza watu kwenye Baraza la Kutunga Sheria, wazee walikuwa wanaliita Legiko, serikali haikuhangaika kuchora majimbo mapya ya uchaguzi. Ilichukua yale yale ya utawala ikayafanya ndo majimbo ya kura. Kwahiyo mji wa Tanga haukuwa na mjumbe wake. Karani wa bandarini, mwalimu wa Lushoto na mwenye duka wa Handeni wote walikuwa wapiga kura wa jimbo moja. Nchi nzima yalikuwa majimbo 10, na mji uliopewa jimbo lake wenyewe ni Dar es Salaam tu. Uchaguzi wenyewe ulifanywa kwa awamu mbili, Tanga tulikuwa awamu ya kwanza Septemba 1958 pamoja na Mashariki, Kaskazini, Magharibi na Nyanda za Juu Kusini, wenzetu waliobaki, Dar wakiwemo, wakapiga Februari 1959. Sisi watu wa Tanga tumepiga kura kabla ya Dar, hilo liandike kwa wino mzito.

Sasa kura tatu. Kila jimbo lilikuwa linatoa wajumbe watatu, Mwafrika mmoja, Muasia mmoja na Mzungu mmoja. Na mpiga kura alilazimishwa achague wote watatu. Ukisema mimi nampigia Mwafrika mwenzangu tu hawa wengine siwataki, kura yako inaharibika yote, haihesabiwi hata ile ya Mwafrika. Ndo hiyo kura ya Mzungu aliyoisema bibi. Fikiria nchi yenye Waafrika mamilioni na Wazungu kama elfu ishirini hivi, halafu barazani wanakaa sawa kwa sawa, mmoja kwa mmoja. Dhulma ya waziwazi ile, na waliokuja kuivunja ni hao hao kina babu yako waliokubali kuipiga.

Ukitaka kuiona hiyo dhulma kwa macho tembea tu mjini kwetu. Raskazone kwenye upepo wa bahari walikaa Wazungu, katikati huku kwenye maduka Wahindi, na sisi Ngamiani kwenye barabara za namba. Mji wenyewe ulishagawanywa mafungu matatu, wakaja wakaifanya na kura mafungu matatu.

Kange_Stendi:

Mzee asante sana, hilo la jimbo kuwa mkoa mimi na umri huu sikuwa nalijua, nilikuwa nasoma mahali "Jimbo la Tanga 1958" nikajua ndo Tanga Mjini ya leo.

Ila swali la bibi kukosa sifa hujalijibu.

BarabaraYaNane:

Nalijua hilo swali, nilikuwa nataka kulipa nafasi yake.

Sifa zilikuwa hivi. Uwe umetimiza miaka 21, uwe umekaa nchini miaka mitatu katika mitano iliyopita, halafu uwe na moja kati ya haya, ama elimu ya darasa la nane, ama kipato cha pauni 150 kwa mwaka ambazo ni shilingi 3,000, ama uwe na cheo fulani kinachotambuliwa na serikali kama uchifu na vyeo vya namna hiyo. Darasa la nane kwa wakati ule binti yangu ni msomi. Karani wa bandari alikuwa anaingia kwa elimu yake au kwa mshahara wake. Mama wa nyumbani aliyesoma chuoni akahitimu Kuruani, anajua kuandika barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, huyo kwa mkoloni hana sifa. Nchi nzima waliojiandikisha walikuwa kama 60,000 tu. Na uwaangalie wanawake wa TANU wa enzi hizo, ndo waliokuwa wanapika kwenye mikutano, wanauza kadi, wanaficha wageni majumbani, lakini siku ya kura wanakaa nje kama bibi yako alivyokaa. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao, mpaka anaingia kaburini ilikuwa inamuuma.

MwanaDunda:

Salamu kutoka Bagamoyo ndugu zangu wa Tanga, nimepita humu nikashindwa kunyamaza.

Huku kwetu Bagamoyo wakati huo tulikuwa Jimbo la Mashariki, pamoja na Morogoro, Kilosa, Ulanga, Rufiji na Kisarawe. Na jimbo hilo ndilo aligombea Mwalimu Nyerere mwenyewe kile kiti cha Mwafrika. Watu wakisikia Nyerere wanawaza Butiama na Dar, hawajui kwamba mwaka 1958 alikuwa mjumbe wetu sisi, wazee wa Bagamoyo waliokuwa na sifa jina lake walilikuta kwenye kura. Mzee wetu mmoja wa Dunda alikuwa akisimulia hilo anasimama kabisa, haelezi akiwa amekaa.

Nataka niongeze kitu kimoja kuhusu hizo shilingi 3,000 maana kila nikikikumbuka nasisimka. Mwaka huo huo, wiki chache kabla ya watu wa awamu ya kwanza kupiga kura, Mwalimu alikuwa mahakamani Dar kwa kesi ya kashfa, aliandika kwenye gazeti dogo la TANU akiwashutumu maDC (wakuu wa wilaya) wawili. Agosti 1958 akapatikana na hatia, hukumu ikawa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Pauni 150, shilingi 3,000. Yaani hesabu ile ile ambayo mtu alitakiwa aipate mwaka mzima ndo aruhusiwe kupiga kura, ndo hiyo hiyo waliyomtoza Mwalimu. Watu wakachanga ikalipwa, wengi wao ni hao wasiokuwa na sifa ya kupiga kura, hawajawahi kuziona shilingi 3,000 zimekaa pamoja. Mimi hapo ndipo ninapoona uhuru ulitoka wapi.

BintiMakorora:

Jamani nashukuru mno, nimemsomea bibi yote haya jana usiku akawa anaitikia "ndivyo, ndivyo". Alipofika kwenye ile ya mama wa nyumbani kukosa sifa akanyamaza kidogo akaniambia "huyo mzee mwambie mama yake na mimi tulikuwa wamoja".

Nina maswali mawili yamebaki. Kama ile kura ilikuwa dhulma kiasi hicho kwa nini TANU haikugoma? Mimi ningegoma. Na la pili, mjomba wangu upande wa mama walikuwa wakata mkonge Amboni, hao nao walipiga?

MtotoWaManamba:

Dada hilo la pili niachie mimi maana ni la nyumbani kwetu. Babu yangu aliletwa Tanga na Silabu, ile ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, alitoka Kigoma huko kwa Waha akapewa blanketi na namba, ndo maana wakaitwa manamba, jina lako linabaki kijijini huku unaitwa kwa namba. Kupiga kura alisikia tu.

Piga hesabu. Shilingi 3,000 kwa mwaka ni 250 kwa mwezi. Mkata mkonge mshahara wake haukufika hata nusu ya hiyo, na wala haukuwa mshahara wa mwezi, ulikuwa wa kipande. Kipande ni kadi ya siku 30 za kazi, kila siku ukimaliza matita yako nyapara anakutilia alama, ukiumwa au ukishindwa kumaliza siku hiyo haihesabiwi, unapewa siku 42 uwe umemaliza hizo 30, ndo ulipwe. Darasa la nane hana, cheo hana. Kwahiyo mkoa huu ambao ulikuwa unalisha serikali ya mkoloni kwa mkonge, Amboni, Pongwe, Kigombe, Ngomeni, Magunga, Mazinde, yale maelfu ya watu waliokuwa wanaukata hawakuwamo kwenye daftari. Waliokuwamo ni karani wa shamba na meneja.

Lakini msiseme walikaa kimya. Mwaka huo huo wa 1958 mashamba ya mkonge Tanga yalichafuka kwa migomo, chama cha wafanyakazi wa mashamba cha kina Victor Mkello ndo kinapanda, na ule mgomo wa Mazinde ulianza mwishoni mwa mwaka ukaingia mpaka 1959, watu wamefukuzwa kwenye nyumba za kambi na hawarudi kazini. Kwahiyo ukiandika kwenye daftari lako dada usiandike Tanga ya kura tatu ukaacha Tanga ya migomo, ni mwaka mmoja na mkoa mmoja. Aliyekuwa na sifa alipiga kura, asiyekuwa nayo aliweka panga chini.

BarabaraYaNane:

Kijana wa manamba umesema kweli tupu na mimi nilikuwa nimeliacha, ahsante.

Sasa kwa nini TANU haikugoma. Wengi walitaka igome, tena watu wazito. Jambo lilipelekwa kwenye mkutano mkuu Tabora, Januari 1958, na pale palikuwa na hatari ya chama kuvunjika. Waliokataa walisema ukikubali kumpigia Mzungu umekubali utatu wao, na hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Mwalimu akasema tukisusa, viti tunawaachia UTP wavichukue vyote. UTP kilikuwa chama cha kina Gavana Twining, kilianzishwa 1956 mahsusi kuizuia TANU, kinajiita cha rangi zote lakini nguvu yake ni kwa Wazungu wenye mashamba na matajiri. Akasema tuingie, na kile kiti cha Mzungu na cha Muasia tutafute watu wanaokubaliana na sisi tuwapigie hao. Mwisho kura ya kuingia ikashinda na mpaka leo wanauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake, ANC ya hapa hapa Tanganyika.

Na Tanga ina sehemu yake kwenye huo uamuzi ambayo haisemwi sana. Wazee wa TANU wa hapa walisimulia kwamba kabla ya kwenda Tabora Mwalimu alipitia Tanga, akakaa usiku na kina Mwalimu Kihere, Hamisi Heri na Abdallah Rashid Sembe, akawafungulia moyo kwamba anataka kura tatu ikubaliwe na anajua itakuwa vita. Wakapanga wakiwa hapa hapa nani atasema nini. Wajumbe wa Tanga walipoingia Tabora walikuwa wameshaamua. Sasa huyo babu yako kama alikuwa TANU wa Ngamiani, kura yake ya Mzungu ilipangwa na wazee aliokuwa anaswali nao.

Matokeo unayajua, wagombea walioungwa mkono na TANU walizoa kila kiti, cha Mwafrika, cha Muasia na cha Mzungu, awamu zote mbili. UTP ikafa. Mtego waliouchimba wenyewe ndo ukawameza.

Baada ya hapo lile jimbo la mkoa mzima likaondoka. Uchaguzi wa Agosti 1960 viti vikawa 71, vya wazi kwa watu wote 50, halafu 11 vya Waasia na 10 vya Wazungu, na majimbo yakakatwa madogo madogo, mkoa mmoja ukatoa viti kadhaa. Masharti nayo yakalegezwa, kipato kikashuka mpaka pauni 75 au ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, waliojiandikisha wakapanda mpaka zaidi ya 880,000 kutoka wale 60,000. Lakini sehemu kubwa ya nchi watu hawakupiga, maana wagombea 58 wa TANU walipita bila kupingwa. TANU ikapata 70, kile kimoja cha Mbulu akachukua Sarwatt aliyesimama kama mgombea binafsi, naye alikuwa mwana TANU. Septemba Mwalimu akawa waziri kiongozi wa kwanza wa serikali ya madaraka, na Desemba 9, 1961 yakaisha.

Bibi yako nadhani kura yake ya kwanza ilikuwa 1965. Muulize jembe na nyumba, uone uso wake.

Kange_Stendi:

Jembe na nyumba hata mimi baba alikuwa anasimulia! Chama kimoja lakini kila jimbo wagombea wawili, mmoja alama yake jembe mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma achague. Wote wawili wa TANU, wanapelekwa kwenye mikutano pamoja, jukwaa moja, na ilikuwa marufuku kutaja kabila au dini au rangi, na marufuku kusema Nyerere ananitaka mimi. Baba anasema kwenye mkutano huyu akisimama anasema bila jembe hakuna mtu atajenga nyumba, mwenzie akisimama anasema baada ya kulima unalala wapi, watu wanapiga makofi kwa wote wawili. Na mawaziri waliangushwa mwaka ule, Paul Bomani alikuwa waziri wa fedha akakosa kiti. Wakati huo huo Bryceson, Mzungu, akashinda Dar kwa kura za Waafrika, na Amir Jamal akashinda Morogoro. Miaka saba tu tangu watu walazimishwe kumpigia Mzungu, wakampigia kwa hiari yao. Mimi hilo nalipenda sana.

Sasa kuhusu Tanga Mjini ya leo, hapa nina jambo langu. Sensa ya 1967 Tanga ilikuwa mji wa pili Tanzania Bara kwa watu, 61,058, nyuma ya Dar tu. Mwanza ilikuwa na 34,861, Arusha 32,452. Sisi tulikuwa karibu mara mbili ya Mwanza! Dar lile jimbo lake moja la kura tatu leo limezaa Kinondoni, Ilala, Temeke, Ubungo, Kawe, Ukonga, Segerea, Kigamboni, Mbagala na mengine. Mwanza wana Nyamagana na Ilemela. Mwaka 2025 hata Dodoma Mjini wamekatiwa Mtumba, Mbeya Mjini wamekatiwa Uyole. Tanga tumebaki na jimbo letu moja.

Sisemi tumeonewa, sensa ya 2022 jiji letu lina watu 393,429 na Dodoma wana 765,179, hesabu iko wazi. Kinachoniuma ni sababu ya hesabu yenyewe. Mkonge. Mwaka 1964 nchi ilitoa kama tani 230,000, ikawa ya kwanza duniani, kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa 1967 mengi yakafa, ilipofika mwaka 2000 tani hazifiki hata sehemu ya nane ya zile. Na viwanda navyo vikafuata. Watu wakaondoka. Waja leo waondoka leo tunaisema kwa kuusifia mji, kwangu mimi kuna miaka waliondoka kweli na wengi hawakurudi, kaka zangu wawili wakiwemo. Ramani ya majimbo ukiijua kuisoma inakuonyesha mji upi uliwapoteza watoto wake.

MtotoWaManamba:

Bro Kange umenigusa, kwetu kambini tulikuwa nyumba 40 sasa zimebaki 6 zina watu.

Ila watu wa mji huu kura wanazijua, hilo tusijinyime. 2010 alichaguliwa marehemu Nundu wa CCM, 2015 watu wakageuka wakampa Mussa Mbarouk wa CUF, 2020 ikarudi CCM kwa Ummy Mwalimu. Ile 2015 nilikuwa Tangamano usiku ule watu hawalali, bibi mmoja wa Mabawa kaja na mkeka wake kabisa kakaa.

MwanaDunda:

Na sisi Bagamoyo lile Jimbo la Mashariki likakatwa kakatwa, leo wilaya moja tu ya Bagamoyo ina majimbo mawili, Bagamoyo na Chalinze. Ukimwambia mtoto wa leo kwamba mtu wa hapa na mtu wa Ulanga walikuwa wanachagua mjumbe mmoja anaona unamtungia hadithi. Kampeni yake ilikuwaje sijui hizo barabara za wakati ule, kutoka hapa kwenda Mahenge masika.

Dada BintiMakorora ukimaliza hilo daftari lipige picha utuwekee humu.

BintiMakorora:

Nitaweka inshallah, nimeshajaza kurasa kumi na moja.

Nimemsomea bibi na haya ya juzi. Mzee wa Barabara ya Nane, umesema kweli, nilipotaja jembe na nyumba uso wote umefunguka. Anasema 1965 alijiandikisha yeye kabla ya babu, alikwenda asubuhi na mapema na wanawake wenzie wa mtaani wamevaa khanga sare, na babu akamsindikiza yeye safari hii, akabaki nje kumshikia mtoto, mtoto mwenyewe ni shangazi yangu mdogo. Ile ya 1958 mtoto aliyekuwa mgongoni kwake alipokuwa anasubiri nje ni baba.

Anasema waliporudi nyumbani babu akamuuliza umepiga jembe au nyumba, akamwambia wewe kura zako tatu nilikuuliza? Na hakumwambia, mpaka babu amefariki hakumwambia. Jana nimemuuliza mimi, nikamwambia bibi ni kwa ajili ya daftari. Akavuta khanga yake akasema nimletee maji atie udhu, magharibi imeingia.